Kushuka Cimpunda kwa Masikio

Siku mashine ya kusaga mahindi ilipohamishwa kutoka kona ya juu ya barabara yetu hadi kona ya chini, Mwalimu alikuwa mtu wa kwanza kulalamika, na alilalamika kama mtu aliyeibiwa. Alisimama mlangoni kwa mwenye mashine, shati limepigwa pasi, fimbo nyeupe imekunjwa kwapani, akauliza kwa ule upole wake uliokuwa ukitutisha kuliko kelele za wengine:

"Papa, juu ya nini umehamisha kona yangu?"

"Kona yako namna gani, Mwalimu? Mashine ni yangu."

"Mashine ni yako. Kona ni yangu. Sasa batu bangu bote batakuya kuanguka mu mutaro."

Mwenye mashine alicheka, akidhani watu hao ni wanafunzi wanaopita pale kila siku. Hakukosea sana, ila wengi wa watu hao hawakuwa wamekanyaga mtaa wetu wa Cimpunda hata mara moja. Walikuwa Idjwi, Walungu, Uvira, wameketi majumbani kwao na simu mkononi, wakishuka barabara yetu kwa masikio, na kila mmoja wao alikuwa amefundishwa kugeuka kushoto pale anaposikia mashine ya kusaga.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Mwalimu, jirani yetu, alikuwa ametengeneza mchezo wa simu.

Nilikuwa nimemfahamu miaka mingi kabla ya hapo, kwa jinsi unavyomfahamu mtu ambaye dirisha lake linatazamana na mlango wako. Alikuwa akifundisha kusoma kwa vidole na kuandika kwa kompyuta katika kituo kimoja cha wasioona huko Ibanda, na kila asubuhi alishuka kwa miguu, peke yake, kwenye mteremko ule ambao sisi wenye macho tunaushuka tukishikilia kuta. Kila mtu alimwita Mwalimu: padri, wauza makaa, hata mke wake, hasa akiwa amekasirika.

Watu hudhani kwamba kipofu huhesabu hatua. Niliwahi kumwuliza, akashangaa kweli kweli. "Kuhesabu ni kazi ya batu ya banki," alisema. Yeye alisikiliza. Fundi viatu alikuwa amempigilia vipande vya chuma kwenye visigino, navyo kila vilipogonga jiwe, kuta zilimjibu: ukuta wa matofali kwa namna yake, wa mbao kwa namna yake, na pale pasipo na ukuta, kwenye korongo lililochimbwa na maji, hakukuwa na jibu lolote. Ukimya huo ndio alioutafuta zaidi, kwa kuwa ndio ungemvunja mguu. Kwa sababu hiyo aliichukia mvua. Mimi niliipenda mvua ya Bukavu, jinsi inavyoanguka juu ya mabati ya mtaa mzima kwa pamoja, na siku moja nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Weye unasikia muziki. Miye nasikia ukuta moja tu, kutoka hapa mupaka Ibanda. Mvua ndiyo giza yangu."

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Angeweza kuvuka barabara kuu katikati ya pikipiki bila kupunguza mwendo, lakini mbwa mdogo wa jirani, mnyama asiyezidi ukubwa wa kuku, alimfanya abadilishe njia. Hakuwa ameona rangi tangu utotoni, na hakuna mtu aliyebishana juu ya rangi kama yeye. Mke wake alipomletea shati la buluu alituita majirani watatu mmoja mmoja, akauliza kila mmoja ni buluu ya namna gani, kisha akalirudisha sokoni kwa kuwa majibu hayakufanana. Darasani alikuwa mkali kuhusu udanganyifu kuliko mwalimu yeyote niliyemsikia. Wanafunzi wake walioona kidogo, wale wa kuona kivuli tu, aliwafunga kitambaa machoni wakati wa mtihani wa kusoma kwa vidole. Mmoja alilia. Mwalimu alimwambia: "Ukiiba kwa jicho leo, siku jicho litakufa vidole bitakuwa bijinga."

Nisingependa mtu adhani alikuwa mzee wa huzuni. Alikuwa mtani. Simu za wasioona zina sauti inayosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, sauti ya mwanamke, na kwa kuwa yao ilijua Kifaransa tu, walimwita Madame. Madame akikutana na Kiswahili hukisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Basi Mwalimu na wanafunzi wake waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kifaransa, ili Madame akitamke sawasawa. Ujumbe wa kwanza alionitumia, siku chache baada ya ugomvi wa mashine, ulisema: *Kouya ou-oné kitou.* Niliutazama kwa muda. Nilipousoma kwa sauti ukawa Kiswahili cha kwetu, wazi kabisa. Njoo uone kitu.

Kitu chenyewe hakikuonekana. Alinipa simu yake, na kioo kilikuwa cheusi.

"Telefone imezimika, Mwalimu."

"Haijazimika. Vaa hii, masikio yote mbili. Funga macho."

Nilivaa visikilizi, na nikajikuta juu kabisa ya mtaa wetu, asubuhi. Kulia kwangu jogoo, mbele yangu kwaya ya parokia ikifanya mazoezi, na mbali, chini kidogo, mashine ya kusaga. Kidole kikisukuma kioo kwenda mbele, visigino vya chuma vilipiga hatua. Kikisukuma upande, dunia yote ilizunguka: kwaya ikahamia sikio la kushoto, bomba la maji likaja mbele na mlio wa bidoni za kuchotea zinazopangwa foleni. Nilikuwa nimepita njia ile maelfu ya mara. Nilianguka mtaroni kabla sijafika bombani. Nikasikia kikohozi, kisha sauti yake mwenyewe kutoka ndani ya simu: "Umeanguka. Simama, futa magoti, sikiliza tena."

Nilianguka mara tatu. Aliketi kando yangu akisikiliza pumzi zangu.

"Unaishi hapa kweli?" aliuliza.

"Naishi hapa."

"Hapana. Unaonaka tu."

Alikuwa ameutengeneza kwa miaka, kwenye kompyuta ya zamani, akiandika mstari kwa mstari huku Madame akimsomea kila alichoandika. Sauti alizirekodi mwenyewe, alfajiri. Mtu akijenga ukuta, Mwalimu alirudi kurekodi. Mafundi wa kuchomelea vyuma wakihama, alirudi. Kulikuwa na majuma fulani, mwaka ambao mji wetu ulipata taabu, ambapo hakurekodi kitu. Nilimwuliza sababu. Alisema sauti za majuma yale hakutaka zikae ndani ya mchezo.

Na kama kuna mtu aliyedhani ule ulikuwa mchezo wa kupitishia wakati, angemsikiliza mwanafunzi wake wa Idjwi. Alikuwa msichana wa kisiwa, amezaliwa mahali ambapo barabara ni njia za miguu kati ya migomba. Kabla ya kuja kituoni alicheza mchezo wa Mwalimu kwa msimu mzima. Alipofika, akakaa kwa shangazi yake Cimpunda, na asubuhi ya kwanza shangazi alipotafuta mtu wa kumshika mkono, msichana alikuwa ameshaondoka. Alifika Ibanda mwenyewe, miguu imejaa tope, akamkuta Mwalimu mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, umenidanganya," alisema.

"Wapi?"

"Hukusemaka kama pale chini ya bomba kunanukaka sambaza."

Mwalimu alicheka siku nzima kwa neno hilo. Kila mtu aliyepita alisimuliwa kwamba mchezo wake ulikuwa sawa kabisa, ulikosa harufu tu ya dagaa wa ziwa.

Kwa muda mrefu mchezo ulisafiri kama nyimbo zinavyosafiri kwetu, kutoka simu hadi simu, watu wawili wakisogeleana. Kisha simu mpya zikaanza kukataa. Ukitaka kuuingiza, Madame alisoma onyo kwamba programu hii haitoki kwenye duka la programu, mtengenezaji wake hajulikani, inaweza kudhuru simu yako. Wachezaji wengi waliogopa wakaacha. Nyingine hazikuonya hata kidogo, zilikataa tu. Msichana wa Idjwi, ambaye sasa alikuwa mwanamke na amerudi kisiwani kufundisha, alidondosha simu yake ziwani, akanunua mpya, na mpya ile ikakataa. Alikuwa akifundisha watoto watano wasioona waliotakiwa kuja kituoni mwaka uliofuata. Aliandika: *Mwalimu, wataujuaje mji?*

Basi Mwalimu aliamua kuuingiza mchezo wake dukani, katika lile duka ambalo kila simu huja nalo, ili kila mtu aupate bila kuogopeshwa. Hapo ndipo tulipoanza kusoma masharti.

Masharti yale yalikuwa marefu kama barua za Mtume Paulo, na Mwalimu aliyasoma yote, kwa Madame, kwa mwendo wa kasi ambao mimi nilisikia kama nyuki. Hakuyachukia. Alikuwa mtu wa kanuni. Alisema duka lisilo na kanuni ni soko la wezi. Alitaka kuelewa tu kila kanuni iliandikwa na nani, akimfikiria nani. "Huyu aliyeandika hii," alisema kuhusu ibara moja, "aliona mutu moja mu kichwa. Mutu huyo iko na meza, iko na courant ya umeme, iko na macho. Miye namutafuta ndani, simuoni." Na akacheka kwa neno lake mwenyewe.

Duka lilikataa mara ya kwanza ndani ya siku moja. Barua ilisema mkaguzi ameufungua mchezo na hakuna kinachotokea: kioo ni cheusi. Kwa hiyo programu ni mbovu. Mwalimu alijibu kwa adabu kwamba mkaguzi avae visikilizi. Duka likajibu kwa maneno yaleyale, na kuongeza kwamba kila mchezo lazima uwe na picha zake za kuonyesha dukani.

Akaniita. "Kioo kiko na nini?"

"Kiko cheusi, Mwalimu."

"Basi piga picha."

Tulituma picha nyeusi nne. Zilikuwa picha za kweli. Zilirudi jioni ileile.

Ndipo akakubali, kwa shingo upande, nimchoree. Nilichora kwa moyo wangu wote. Nilichora ngazi za mawe, bomba, wanawake na bidoni zao za njano, kwaya, mashine ya kusaga, mafundi wa kuchomelea, na nyuma yao ziwa na jua likichomoza juu ya milima. Aliniomba nimweleze kila kitu kilichomo, kimoja kimoja.

"Na jua," nilisema.

"Jua iko na sauti gani?"

"Haina sauti."

"Toa."

"Na ziwa, kwa mbali."

"Kutoka kwa bomba unasikia ziwa?"

"Hapana."

"Toa. Hatutadanganya batu."

Ilibaki picha isiyo na mbingu, iliyojaa vyuma, maji, midomo iliyo wazi na cheche. Nafikiri ni mchoro bora kuliko yote niliyowahi kufanya, na duka likaupokea bila neno.

Likabaki sharti moja. Mtu mpya, kabla duka halijamfungulia mlango, lazima alete watu kumi na wawili wa kujaribu programu yake kwa siku kumi na nne bila kukatika. Kupata watu hakukuwa shida. Waliomba kuwa wajaribu watu thelathini. Shida ilikuwa siku kumi na nne bila kukatika. Kwetu umeme hukatika, na ukikatika Walungu au Idjwi hukaa siku tatu, na simu iliyokufa siku tatu ni mtu aliyejitoa. Tulijaribu mara mbili. Mara mbili tulifika siku ya sita au ya nane, simu moja ikazima mahali, hesabu ikavunjika.

Sasa, pale kwenye kona kuna kibanda cha mtu tunayemwita Papa Chaji. Ana mabati matatu ya kunasa jua juu ya paa, betri za lori chini ya meza, na asubuhi mtaa wote humwachia simu zao. Wanafunzi wa Mwalimu walikuwa na desturi yao kwake. Kwa kuwa simu zote zinafanana mkononi, kila mmoja alifunga uzi kwenye simu yake na kupiga mafundo: huyu fundo moja, yule mawili, yule mawili na moja mbali kidogo. Jioni walipapasa ndani ya beseni na kila mtu akachukua yake, bila kuuliza, haraka kuliko sisi. Hakuna simu iliyowahi kupotea kutoka katika beseni lile.

Ni Mwalimu aliyetoa wazo, na ni mimi niliyesema ni zuri. Simu zote kumi na mbili zikae kwa Papa Chaji kwa siku kumi na nne, mahali ambapo jua halikatiki, na kila alasiri akitoka kazini yeye mwenyewe atafungua mchezo kwenye kila simu na kushuka mara moja. Nilikuwa nimesoma masharti pamoja naye. Sikuona ubaya wowote. Kwetu, kazi ya watu kumi na wawili hufanywa hivyo, mahali pamoja.

Simu zikaja. Nafikiri ni mtu asiyeona tu anayejua uzito wa jambo hilo. Kutoa simu yako ni kumtoa Madame: ni kukaa siku kumi na nne bila mtu wa kukusomea jina la anayekupigia, au kukuambia saa. Walizitoa. Mwanamke wa Idjwi alituma yake kwa boti, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge, na uzi wenye mafundo manne.

Siku kumi na nne nilimkuta Mwalimu pale alasiri, kwenye benchi la Papa Chaji, beseni mapajani, akishuka, akimaliza, akipapasa simu nyingine, akishuka tena. Hakupita hata njia moja ya mkato. Alicheza kila mzunguko hadi mwisho.

"Mwalimu," Papa Chaji alimtania, "leo umeshuka Cimpunda mara kumi na mbili, na matako iko paka pale pale kwa benchi."

"Na sijaanguka. Weye unaanguka kila siku, na uko na macho na ngazi ni tano tu."

"Ile ni pombe, Mwalimu, si ngazi."

"Njo maana mu mchezo yangu sikuweka kibanda yako."

Siku ya kumi na tano barua ilifika. Ilisema duka limegundua kwamba wajaribu wake hawakuwa watu wa kweli. Simu kumi na mbili, mahali pamoja, saa ileile, mkono uleule. Jambo hilo huitwa udanganyifu. Akaunti yake imefungwa, si kwa mwezi wala mwaka, imefungwa kabisa. Na akaunti nyingine yoyote itakayogundulika kuwa na uhusiano naye itafungwa pia.

"Soma tena," alimwambia Madame, na Madame akasoma tena, kwa sauti ileile anayosomea salamu za Noeli.

Mwalimu aliweka mkono ndani ya beseni, akashika simu moja, akasoma mafundo yake kwa kidole gumba, akaiacha, akashika nyingine.

"Banasema batu bangu si batu," alisema.

Aliandika rufaa. Nilikuwepo alipoiandika, ilimchukua siku mbili. Alieleza umeme, kibanda, betri za lori. Alieleza mafundo, yapi ni ya nani. Aliwaomba wampigie simu yeyote kati ya wale kumi na wawili. Aliituma, akavaa koti ili atoke, na kabla hajafika mlangoni jibu lilikuwa limerudi: uamuzi haubadiliki. Hilo ndilo lililomuumiza, naamini, kuliko hata kufungiwa. "Hata nusu ya mafundo hawakumaliza kusoma," alisema.

Kwa majuma kadhaa hakuutaja mchezo. Alirudisha simu mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Darasani, waliniambia, aliacha kufunga watu vitambaa machoni. Sijui kama ni huruma au ni aibu, sikumwuliza. Mtu aliyekuwa mkali juu ya wizi wa jicho alikuwa amepewa jina la mwizi na mtu asiyemjua, na alilibeba jina hilo kama shati asilojua rangi yake.

Mwanamke wa Idjwi hakusubiri simu yake irudishwe kisiwani. Alikuja kuichukua. Walizungumza uani kwa Mwalimu, mimi nikimenya mihogo na mke wake, na hawakushusha sauti.

"Mwalimu, nitaiweka mu duka kwa jina langu."

"Hapana. Tukifanya vile, bale waliosema sisi bezi batakuwa na haki."

"Basi sitaweka yako. Nitatengeneza yangu."

"Yako namna gani?"

"Yako inashuka. Yangu itapanda. Kutoka kwa port, kwa boti ya Idjwi, mupaka Cimpunda. Watoto bangu banatokaka kwa boti. Hawatokake kwako."

Mke wa Mwalimu aliacha kumenya.

"Utahitaji miye nikufundishe kuandika ile sehemu ya kuzunguka," Mwalimu alisema.

"Njo kitu imenileta hapa."

Alimfundisha yote. Sijui mkaguzi wa duka angesema nini. Nimejiuliza mara nyingi ni mahali gani hasa mchezo ulipoacha kuwa wa mmoja ukawa wa mwingine, na sijapapata. Najua tu kwamba Mwalimu alijiondoa kwa ukali uleule aliokuwa akisahihishia madaftari. Hakutaka sauti yake isikike hata pumzi moja, asije akamfungia mlango mwanamke wa Idjwi pia. Walipotoka kurekodi pamoja ikawa taabu nyingine: kila hatua kumi mtu alimsalimu. "Mwalimu, jambo." "Mwalimu, habari ya kazi." Sauti yote iliharibika. Walirudi wakicheka na kukasirika. Mwishowe alimwacha arekodi peke yake, akakaa nyumbani akisubiri, mkono kwenye meza, kama baba ambaye binti yake anafanya mtihani chumba cha pili.

Wajaribu safari hii walikaa kila mtu kwake, kila mtu na simu yake, kila mtu na umeme wake mbovu, jinsi duka linavyopenda. Hesabu ilivunjika mara nne. Mara ya tano haikuvunjika. Watoto watano wa Idjwi walikuwa wamekwisha kufika kituoni kwa kushikwa mkono. Lakini wa mwaka uliofuata walikuja wenyewe.

Nilimwona Mwalimu mwezi uliopita, alasiri, ameketi kwenye ukuta mfupi nje ya kwake. Nilimwambia kwamba ninaandika habari zake. Aliuliza kama nitaandika juu ya mbwa. Nikasema ndiyo. Akatafakari.

"Weka mbwa. Weka shati, weka viatu. Jina langu usiweke. Na jina ya mchezo ya mwanamuke wa Idjwi usiweke, wala yake yeye."

"Watu hawatakujua, Mwalimu."

"Njo vizuri. Wakinijua, wataifunga."

Kisha akatoa simu mfukoni, akafungua mchezo wa mwanamke wa Idjwi. Alikuwa hajawahi kuumaliza. Alinikabidhi kisikilizi cha kulia, yeye akavaa cha kushoto, na nikamwambia kwamba mchezo huu hauchezwi hivyo, kwamba mtu mmoja anahitaji masikio yote mawili ili ajue mambo yako upande gani.

"Najua. Kaa."

Niliketi ukutani, nikafumba macho. Boti ikagonga mbao za gati. Sauti ya mwanamke kijana ikasema: "Umefika. Ziwa liko nyuma yako. Panda."

"Kwako kuko nini?" Mwalimu aliuliza.

"Wachukuzi wanabishana. Na mtu anauza ndizi."

"Kwangu motari wawili. Pikipiki zinawaka. Twende kwako."

Alisukuma kidole. Tukapanda kidogo. Aliniuliza tena, nikajibu, akageuka. Mara mbili aligeuka vibaya kwa sababu nilichelewa kusema, na mara ya tatu hatua zetu zikakosa ardhi.

"Mumeanguka," ilisema sauti, maana ilikuwa imejifunza kwamba watoto hucheza wawili wawili. "Hakuna aliyeona. Simameni."

Mwalimu alicheka hadi ukuta ukatikisika chini yetu. Akaanza upya, kutoka kwa boti. Safari hii tulivuka wachukuzi na motari, tukapita mahali penye redio, tukafika mahali nisipopajua, ambapo katika sikio langu kulikuwa na vitu vingi kwa pamoja.

"Umefungua macho," alisema.

"Umejuaje?"

"Umenyamaza. Funga. Kwako kuko nini?"

Nikayafunga. "Maji," nilisema. "Maji yanaanguka ndani ya ndoo."

"Mbali ama karibu?"

"Karibu."

"Kwangu hakuna kitu," alisema, na kidole chake kikabaki juu ya kioo, kikisubiri. "Basi tupite kwako."